Mshale Laini kwenye Upinde Mkali

Chekeni sasa hivi, wote, mcheke mpaka mmalize, halafu ndio nianze, maana kila nikianza kuisimulia hii habari mtu ananikatiza kwa kicheko na mimi nakasirika naondoka, na leo sitaki kuondoka. Aibu niliyoipata kule Ugalla sijawahi kuipata tangu nizaliwe, na mimi ni mtu niliyewahi kuanguka na bodaboda mbele ya kanisa Jumapili watu wakitoka misa. Ile ilikuwa cha mtoto.

Kwanza mjue kwamba mimi situlii, na sijifichi kwa hilo. Nimeendesha bodaboda hapa Shanwe nikaacha, nikaenda machimboni kutafuta dhahabu nikaacha, nikafungua kibanda cha kuchaji simu nikamwachia mdogo wangu hata mwezi haujaisha, mwisho nikaangukia kambi ya uwindaji wa kitalii kule karibu na mto Ugalla, kibarua wa msimu, kazi yangu kuosha magari, kubeba mizigo ya wageni na kutumwa huku na huku. Nikikaa kwenye kiti mguu wangu wa kulia unacheza wenyewe (mama anasema hata tumboni nilikuwa hivyo hivyo, yeye alikuwa hapati usingizi).

Sasa mtu wa namna hiyo akapenda. Goreti, binti wa Mishamo, mwimbaji wa kwaya, sauti yake ukiisikia unasahau ulikuwa unaenda wapi. Baba yake, Mzee Bukuru, ni mkulima wa mahindi na mihogo, na ndiye mwalimu wa kwaya hiyo hiyo, mtu mpole wa maneno machache ambaye akikutazama unaanza kukumbuka madhambi yako. Baba yangu mdogo alipopeleka taarifa kwamba tunataka kuleta posa, yule mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Nasikia kijana wenu hatulii. Kwaya yetu imealikwa kwenye uzinduzi wa maji kule Ugalla, na yeye atakuwepo. Nitamwangalia anavyokaa na watu, halafu nitawajibu siku hiyo hiyo."

Mnaelewa maana yake? Siku moja, jibu moja, Goreti ndani au Goreti nje. Wiki ile nzima nilikuwa nalala nusu, naamka, nazunguka hema, narudi.

Uzinduzi wenyewe ulikuwa wa kisima. Kampuni yetu ilichimbia maji kijiji kilichopakana na kitalu cha uwindaji, ikajenga mnara mfupi wa matofali na kuweka juu yake simtanki kubwa jeusi, maji yanapandishwa kwa sola, mabomba chini, na kina mama wa pale walikuwa wamechoka kuchota mtoni wakiwa na roho mkononi kwa ajili ya mamba. Bosi wetu akaona kampuni iwe na meza ya maonesho, watu waone wageni wanavyowinda siku hizi kwa upinde bila kelele za bunduki.

Upinde wa nani? Wa mgeni aliyekuwa kambini, mzee mmoja wa Kizungu, mcheshi, aliyekuja na pinde mbili za kisasa, zile zenye vigurudumu juu na chini na kamba zinazopishana, moja kali ya kuwindia nyati na nyingine nyepesi ya swala. Yule mzee alinipenda kwa sababu ya maswali yangu, akanifundisha kupiga asubuhi kadhaa, na nilikuwa napata shabaha, jamani, siwadanganyi. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alirudia neno moja kila siku: "Upinde huu, mishale hii. Upinde ule, mishale ile. Changanya hapana." Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama ninavyoitikia kila kitu.

Asubuhi ya uzinduzi mgeni alikuwa hoi kwa tumbo, amelala hemani. Bosi akaniambia, "Maganga, chukua ule upinde wa nyati na mishale yake, weka mezani watu waone kwa macho. Kwa macho tu. Hakuna kupiga." Nikaenda stoo. Upinde niliujua, tatizo likawa mishale. Podo zilikuwa mbili, nyeusi zote, hazina alama, moja ina mishale minene kidogo, nyingine ina myembamba. Ningeweza kwenda kwenye hema la mgeni nikauliza, si mbali, ni hapo tu, mtu anaumwa tumbo si kwamba amekufa. Lakini gari lilikuwa limeshawashwa, Bosi anapiga honi, na mimi moyoni nikajiambia, Maganga, wewe ni Mkonongo, babu yako mzaa baba alikula nyama ya upinde maisha yake yote, unakwenda kumuuliza mtu mshale?

Hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa, na nilikuwa natabasamu.

Babu alinifundisha hivi: unaweka mshale pajani, unaubonyeza katikati. Ukiwa mgumu kama fito ya nyumba unautupa, ukiwa unacheza kidogo ndio wenyewe, kwa sababu upinde wa mti una tumbo, na mshale lazima ulizunguke lile tumbo ndipo unyooke njiani. Na ni kweli, kwa upinde wa babu ni kweli kabisa. Basi nikabonyeza ile minene, haikucheza. Nikabonyeza ile myembamba, ikacheza vizuri, nikafurahi kama nimekutana na ndugu. Nikaangalia namba zilizoandikwa ubavuni, minene imeandikwa mia tatu, myembamba mia tano, nikasema si unaona, upinde mkubwa namba kubwa. Nikabeba ya mia tano.

(Kumbe ule upinde wa vigurudumu hauna tumbo la kuzungukwa, mshale unapita katikati moja kwa moja na unasukumwa kwa nguvu ya ajabu, kwa hiyo unataka mgumu. Na kumbe namba ikiwa kubwa ndio mshale unalegea zaidi. Nani anaandika namba kinyumenyume namna hiyo?)

Nimalizie ujinga wangu kabisa. Ile mishale ilikuwa na vichwa vidogo vya mazoezi, vya mviringo, havina sura mbele za watu. Nikavifungua, nikafunga zile chembe nzito za nyati, za chuma, zenye makali matatu. Mshale laini ukiuongezea kichwa kizito unazidi kulegea, hilo nalo nimelijua baadaye. Mambo mengi nimeyajua baadaye.

Na nilikuwa nimevaa suti ya bluu. Nyie wa mjini mtasema kuna ubaya gani, lakini kila mtu wa porini kwetu anajua mbung'o anavyopenda rangi ya bluu, kambini hakuna anayeivaa. Niliazima kwa rafiki yangu kwa ajili ya mkwe. Nikasema mbung'o wataniuma, mzee ataniona nimependeza, sawa.

Tumefika, tukasaidia kutoa mabenchi shuleni, tunamaliza watu wamejaa, turubai limefungwa, kwaya imeshuka kwenye lori, Goreti ndani ya kitenge cha sare hata haniangalii kwa sababu baba yake yuko pale. Mgeni rasmi hakuna. Saa zikaenda. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote ikazimaliza, ikarudia ya kwanza. Jua la kabla ya mvua mnalijua. Nimekaa nyuma ya meza yangu, mbung'o wananipigia sherehe shingoni, na mguu ukaanza. Nikaukanyaga kwa mguu mwingine, yote miwili ikacheza. Nikainua macho, Mzee Bukuru ananitazama miguu.

Nikasimama. Nikakaa. Nikaupanga upinde upya, nikaupangua.

Sasa mshereheshaji alikuwa Deo, Mfipa, mtani wangu, ameshikilia kipaza sauti na hana tena cha kusema mpaka mgeni rasmi afike. Akageuka akaniona. "Jamaniii, Mkonongo ameshika upinde! Fungeni kuku ndani!" Watu wakaangua kicheko. Mtani hachukiwi, mtani anajibiwa, na Wafipa tunawatania kwa uchawi, nikampigia kelele kutoka pale pale mezani, "Wewe Mfipa, leo umekuja na gari au na ungo?" Watu wakazidi. Deo akakisogeza kipaza sauti mdomoni (anajua kuchezea watu yule), akasema polepole, "Mimi nimekuja na ungo, na nimefika. Wewe upinde unao, na hupigi. Huyu wazee wake waliwinda, yeye ameachiwa ulinzi wa meza."

Kila mtu alicheka isipokuwa Mzee Bukuru. Amekunja uso, ameshika shavu. Mimi nikajua basi, watu wa Mishamo asili yao Burundi, hawana utani na sisi, huyu mzee anayachukua haya maneno kweli kweli, anaona binti yake anakwenda kwa mtu wa kulinda meza. (Goreti aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa na jino linamsumbua tangu jana yake. Jino! Mimi nimeharibu maisha yangu kwa ajili ya jino.)

Bosi alikuwa ameenda barabarani kupokea msafara. Vijana wakaweka kiroba cha pumba mbele ya kichuguu, wakasafisha njia. Tanki lilikuwa kulia kabisa, mbali na hesabu zangu, mnara wake umezungushiwa utepe mwekundu wa kukatwa na mgeni rasmi. Nikavua koti. Nikaweka mshale. Nikavuta, ule upinde ni mzito mwanzo lakini ukishafika mwisho vigurudumu vinageuka na wewe unalegea, unatulia, na nawaambia ukweli kwamba sekunde ile ndiyo pekee niliyotulia siku nzima. Nikajua Goreti ananiangalia. Nikaachia.

Kilisikika kitu kama fimbo inavunjika. Mshale ulitoka ukijipinda, ukatikisa mkia huku na huku, ukakata kulia kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, halafu tukasikia "tap!" ya plastiki nene.

Hakuna aliyecheka. Tanki la kijiji, maji ambayo hayajanywewa na mtu hata kikombe kimoja, limesimama na mshale ubavuni.

(Yule mgeni wa kambini, amekonda kwa tumbo na hasira, alinionesha ule mshale kesho yake, ulikuwa umepasuka karibu na mkia. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akaupitishia kidole kuonesha vipande vya mshale vilipokaribia kunichoma, akauachia, akaondoka. Hilo la mkono bado linaniamsha.)

Ningeishia pale ingekuwa aibu ndogo, maana mshale wenyewe ulikuwa umeziba tundu lake, maji yanadondoka matone tu. Lakini mimi ni Maganga, siwezi kuona kitu kimekaa vibaya nikakiacha. Nikakimbia, nikakata utepe kwa tumbo langu kama mshindi wa mbio, nikapanda matofali. Nyuma yangu nasikia Deo kwenye kipaza sauti, utani umemtoka wote, "Mkonongo, usichomoe! Usichomoe wewe!" Na Goreti, sauti ile ile ya kwaya, "Magangaaa, uache!" Nikachomoa.

Chembe ina makali matatu. Ilivyoingia ilichana, ilivyotoka ikachana tena. Maji yakanipiga kifuani, usoni, yakashuka kwenye suruali ya bluu mbele pale pale mnapopafikiria, nikaweka kiganja, yakapita kati ya vidole, nikaweka kiganja cha pili juu yake nikaegemea kwa uzito wote. Yakapungua yakawa michirizi. Mama mmoja akanijia chini ya mnara na ndoo yake kichwani, analia kabisa, "Mtoto wewe, tumeliwa na mamba kwa ajili ya maji, leo yamefika unayamwaga?" Nikazidi kuegemea. Sikuwa hata na mkono wa kujifutia uso.

Ndipo ving'ora vikasikika, msafara huo.

Bosi alishuka, akaona utepe chini, akaona mimi. Akaja karibu, akaongea huku anatabasamu kwa ajili ya wageni, meno yote nje, "Mkono wako usitoke hapo mpaka nikwambie. Ukitoka, usirudi kambini." Mgeni rasmi akafika chini ya mnara, akanitazama juu, akauliza, "Na huyu kijana?" Bosi akajibu, "Huyu, mheshimiwa, ni... mlinzi wa tanki." Mheshimiwa akafurahi sana! Kwenye hotuba alinitaja. Alisema vijana wengi wanapewa miradi wanaitelekeza, tazameni huyu, ameikumbatia kwa mikono miwili. Watu wote wanajua, kijiji kizima kinajua, wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika, na Deo ametugeuzia mgongo. Kwaya ilipoitwa baadaye, Goreti aliacha kuimba katikati ya wimbo wa maji akaficha uso kwenye kitenge.

Na hotuba ilikuwa ndefu. Mbung'o mmoja alitua shingoni, nikamwona kwa pembe ya jicho anatafuta mahali, nikamwambia kimoyomoyo, niue tu. Akauma. Wakaja wengine, wamesikia habari ya suti. Mguu unataka kucheza, nikiucheza kiganja kinasogea na maji yanamrukia mheshimiwa. Kwa hiyo nikatulia. Mimi! Nilitulia mpaka watu walipokwenda kula pilau na mimi nikabaki pale juu peke yangu na tanki langu.

Aliyekuja ni Mzee Bukuru. Alipanda matofali taratibu, mkononi ana kisu, kijiti alichokichonga, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Akaviringisha mpira kwenye kijiti, akasema, "Toa," nikatoa, akakita, akagonga kwa mpini wa kisu. Maji yakakatika. Akaufuta mkono kwenye suruali yake. Mimi vidole havikunjuki.

Akauliza, "Nani alikwambia upige?"

Nikataka kusema Deo, nikataka kusema jua, kuchelewa kwa mgeni rasmi, namba kinyumenyume. Nikasema, "Hakuna, baba. Nilitaka unione."

"Oya," akasema, Kirundi chake kile cha kukataa, akatikisa kichwa, nikaona amehuzunika kweli. "Mimi nilikuona asubuhi. Mlikuwa mnatoa mabenchi shuleni, wewe ulikuwa hujajua kama lori letu limefika. Ukambebea bibi mmoja kigoda chake, ukamtafutia kivuli, ukarudi kwenye mabenchi, hukumwangalia mtu. Nikampigia mama yake Goreti hapo hapo. Nikamwambia, watu wa huyu waje tu."

Jamani. Jambo lilikuwa limekwisha asubuhi. Nimependeza bure, nimeumwa na mbung'o bure, nimelipiga mshale tanki la watu kutafuta kitu ambacho nilikuwa nacho tayari mfukoni.

Nikamuuliza, na sauti ilitoka kama ya mtoto, "Na sasa, baba?"

Aliangalia kile kijiti muda mrefu, kama kitavuja. "Sasa itabidi nimpigie tena," akasema, akaanza kushuka. Chini akageuka. "Mje baada ya mavuno. Tuone kama utafika huko bila kupiga kitu."

Basi, hiyo ndiyo habari. Bosi hakunifukuza, maana mlinzi wa tanki alishasifiwa hadharani, ila pinde sizigusi tena, wala podo, na naapa mbele yenu sitabeba kitu cha mtu bila kuuliza, hata kama mwenyewe anaumwa tumbo, hata kama gari linapiga honi, nitaenda nitauliza, nitasimama pale mpaka nijibiwe. Kwa sasa nasubiri mavuno. Naamka, nazunguka nyumba, narudi. Goreti kanipigia jana, ana furaha, anasema mvua Mishamo mwaka huu ni nzuri haijapata kutokea, mahindi yamekuwa marefu kuliko baba yake, yamekataa kabisa kukauka. Nikamwambia tunamshukuru Mungu. Lakini sijawahi kuichukia mvua kama mwaka huu.